Ngumi Zetu Siku ya Mkaguzi

Juzi, rafiki yangu, katika wiki yangu ya kwanza kama mwalimu hapa Bulengera, mtaa wa Butembo, niliuliza swali na darasa zima likainua mikono. Mwingine angefurahi. Mimi nilishikwa na huzuni, nikageukia ubao kana kwamba natafuta chaki.

Nilikumbuka shule yetu ya mbao na mabati, hapa hapa Butembo, nilipokuwa darasa la tano. Kila asubuhi tulinyunyizia maji sakafu ya udongo ili vumbi litulie, na darasa likanukia mvua hata wakati wa jua kali. Mwalimu wetu wa zamani, mzee wa kikohozi na mizaha, alitufundisha ujanja mmoja: mkaguzi akija, tuinue mikono sote, anayejua afungue kiganja, asiyejua akunje ngumi. Yeye alichagua viganja tu, na mkaguzi aliondoka akitusifu.

Mzee alipostaafu, akaja mwalimu mpya kutoka Kasai, msichana bado, amevaa sweta mbili kwa baridi yetu. Siku ya kwanza alituambia, "Batoto, mwenye hajue, abakie na mukono chini. Kutojua haiko zambi." Tulimpenda mno. Nyanya yangu alinipa viazi vya kuchemsha nimpelekee, naye akavishika kwanza vimpashe vidole moto, ndipo akala.

Mkaguzi alikuja kuamua kama mwalimu huyo mpya anafaa kubaki. Somo lilikuwa sehemu, hesabu za nusu na robo, na wengi wetu hatukulielewa. Kwa kumpenda, tukaurudia ujanja wa mzee, wala hakuna aliyekumbuka kwamba mwalimu mpya hakuwahi kufundishwa ujanja huo. Niliinua ngumi yangu juu kuliko wote. Mwalimu akanichagua mimi. Nilisimama, ngumi bado nimeikunja. Akamchagua mwingine, ngumi pia. Na wa tatu. Huko nyuma mkaguzi alikuwa akiandika.

Alipoondoka, mwalimu aliniuliza polepole, "Nilibakosea nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Niliogopa, nikatazama miguu yangu, na wenzangu wote wakanyamaza kama mimi. Jumatatu mwalimu hakuwepo tena, nasi tukaunganishwa na darasa la sita.

Shule ile imebomolewa, sasa wanauzia simenti pale. Mzee amefariki, wenzangu wametawanyika. Naona aibu hadi leo, maana sentensi moja tu ingetosha. Mwalimu yule, popote alipo, huenda bado anaamini kwamba watoto wa Butembo hawakumpenda.