Jua la Tromso Lilichomoza Lini

Vedavalli, ambaye nyumbani huitwa Valli, hajawahi kuona theluji, na wala hana hamu nayo. Lakini muulize bomba la maji ya moto lipite wapi chini ya sakafu ya nyumba ya Tromso, kule juu kabisa Norwe, ili mtoto akishuka kitandani asikanyage baridi, atakujibu huku anakata bamia. Ndiyo kazi yake: anachora mabomba ya kupasha joto nyumba za watu wa barafu, naye amekaa Kumbakonam, kusini mwa India, chini ya feni mbili, jasho likimdondoka mpaka kwenye kompyuta. Mumewe Badri, muuza vipuri vya pampu, huwaambia wateja wake kwamba mkewe anawauzia Wazungu joto wakati sisi tunalo la kuwagawia bure.

Mwaka mzima alikuwa anawachorea kama kibarua, mchoro mmoja mmoja. Kabla ya hapo aliishi Chennai miaka sita, kwenye bweni la wanawake wafanyakazi, akija nyumbani Jumapili mbili kwa mwezi. Binti yake Kothai aling'oka meno, akajua kusoma, akajua kuendesha baiskeli, yote hayo mama akiyatazama kwenye simu. Sasa ofisi ya Chennai ilikuwa imemwandikia barua kumwita tena, na ilitaka jibu kufikia Jumatano. Watu wa Tromso wakimpa ajira ya kudumu, angebaki nyumbani. Wasipompa, kitanda cha chuma cha bwenini kilikuwa kinamngoja. Tangu barua ile ifike hakuwa amelala vizuri hata siku moja, ingawa mchana alicheka na kila mtu.

Jumanne saa nne asubuhi ujumbe ukaingia. Mwenye kampuni, Bwana Torbjorn, angezungumza naye siku hiyo hiyo, saa tano na nusu kwao, saa tisa alasiri kwetu. Baada ya hapo anaondoka kwenda kwenye kibanda chake mlimani, hakuna mtandao, kurudi ni Agosti. Ndivyo walivyo hao. Julai ikifika nchi nzima hufunga milango ikaenda kuvua samaki, na mwenye shida ataisubiri shida yake.

Valli alitoka chumbani mbio, akapindua kikombe cha kahawa cha baba mkwe.

"Saa ngapi umesema?" akauliza mzee.

Mzee Seshadri ni karani mstaafu wa posta, na hajawahi kununua hata kiberiti bila kufungua panchangam, kile kitabu cha nyota na saa. Humo mna saa za Rahu, yule nyoka anayelimeza jua. Kila siku ina saa moja na nusu yake, na mtu mwenye akili haanzishi jambo ndani yake.

"Saa tisa, Baba."

"Leo Jumanne. Jumanne Rahu anaingia saa tisa, anatoka saa kumi na nusu."

"Najua, Baba."

"Mwambie saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja atakuwa mlimani anakaanga samaki."

"Basi saa nane."

"Nimemwomba. Saa nane yuko kwa daktari wa meno."

"Mtu anafungua likizo kwa daktari wa meno," mzee akasema, akifuta kahawa kwenye shuka lake. "Huyo Rahu ameshamfikia."

Mtasema, si angefunga mlango tu akazungumza? Nyinyi hamjaishi nyumba ile. Na ukweli ni kwamba Valli mwenyewe aliogopa. Siku nyingine humtania mzee na kitabu chake, lakini kwa jambo hili moja hakutaka kuacha hata upenyo. Akazunguka nyumba nzima, akafagia palipofagiwa, akatia chumvi mara mbili kwenye dengu.

Saa saba Badri akaja kula, akaonja dengu, akauliza nani amekufa. Wakamweleza.

"Rahu wa nani?" akasema. "Anayepiga simu ni Mzungu. Anayeanzisha jambo ni yeye. Kwa nini tumpe Rahu wetu? Si ana wake?"

Mzee alikuwa amefikisha tonge mdomoni. Akalirudisha kwenye jani la mgomba.

"Mara ya kwanza mwaka huu umesema neno la maana," akamwambia mwanawe. "Rahu huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza. Valli, nipatie saa ya kuchomoza jua kule, nipige hesabu."

Valli akamwandikia Solveig, mchoraji mwenzake wa Tromso: jua limechomoza lini huko kwenu? Jibu likaja papo hapo. Tarehe ishirini Mei.

Akadhani mwenzake hakuelewa. Akauliza tena. Solveig akajibu kwa utulivu: "Jua lilichomoza tarehe ishirini Mei, Jumatatu. Halijatua tangu siku hiyo. Litatua tarehe ishirini na mbili Julai. Kwani kuna nini?"

Valli akausoma ujumbe kwa sauti. Hakuna aliyetafuna.

"Kwa hiyo hawalali?" akauliza Kothai.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Niletee penseli."

Nimewaona makarani wakipiga hesabu, lakini si kwa raha ile. Mchana hugawanywa mafungu manane, na Jumatatu Rahu hukaa fungu la pili. Mchana wa Tromso una siku sitini na tatu. Gawa kwa nane, fungu moja ni siku saba na saa ishirini na moja. Mzee akaandika nyuma ya bili ya umeme, akafuta, akaandika tena, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, wali unapoa.

"Rahu wao aliingia Mei ishirini na saba," akatangaza. "Akatoka Juni nne, jioni. Leo ni Julai mbili. Njia nyeupe."

"Hata kama ni Jumanne?" akauliza Badri.

"Jumanne gani? Jua halijatua, siku itageukaje? Kule bado ni Jumatatu."

"Jumatatu ipi, Baba?"

"Ya Mei."

Badri akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Kothai akataka kujua kama kule watoto wanakwenda shule Jumatatu miezi miwili mfululizo. Valli alicheka huku machozi yanamtoka, asijue ni ya kicheko au ya woga, maana saa tisa ilikuwa inakaribia na bado alikuwa na unga wa dengu kwenye nywele.

Saa tisa kamili uso wa Torbjorn ukatokea, shavu moja limevimba.

"Solveig anasema familia yako inaulizia jua letu," akaanza. "Ofisi nzima inataka kujua kwa nini."

Valli alikuwa amejiandaa kuulizwa juu ya vali na mgandamizo wa maji. Akamweleza Rahu, mafungu manane na Juni nne. Torbjorn alisikiliza bila kutabasamu, kwa sababu ya jino au kwa heshima.

"Baba yangu alikuwa mvuvi," akasema. "Aliyepiga mluzi chomboni alishushwa ufukweni, hata akiwa mjomba. Kwa hiyo tuko salama?"

"Tangu Juni nne."

"Basi tuanze."

Robo tatu ya saa baadaye Valli akafungua mlango. Wote watatu walikuwa wamesimama pale pale, karibu kumwangukia.

"Wamenichukua," akasema. "Ya kudumu. Siendi Chennai."

Kothai akamrukia shingoni. Badri akatoka kwenda kununua jangiri, zile tamutamu za sherehe, mguuni kavaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha baba yake. Mzee akarudi kwenye kiti, akaanza kuikunja ile bili taratibu.

"Baba, hesabu yako imetuokoa."

"Hesabu ile nilijipigia mimi, nipate moyo wa kukuacha uingie," akasema. "Kitabu hiki sikiamini kama zamani. Siku uliyopanda treni ya Chennai, saa ile nilikuchagulia mimi. Nilipekua siku nne. Ilikuwa saa safi, haina doa hata moja. Na mtoto alikuwa hajafikisha miaka miwili."

Miaka yote ile Valli alidhani mzee alimuaga kwa moyo mwepesi. Akaketi sakafuni karibu na miguu yake, Kothai bado amemning'inia shingoni, na hakuna aliyeinuka mpaka jangiri zilipofika.