Mwalimu Iko, Lakini Hakuna

Mwalimu Valary alikuwa na simu mbili, kama mtu yeyote wa Juba aliyejiheshimu mwaka ule wa 2009. Si maringo, jamani. Mtandao mmoja ulitumia namba za Sudan, mwingine ukatumia namba za Uganda, na mitandao hiyo ilikuwa kama mawifi waliogombana: hakuna anayempigia mwenzake. Basi ukisimama hapo mtaani Gudele, hujainua hata mguu, tayari uko nchi mbili. Wageni walishangaa. Wenyeji walishona mfuko wa pili kwenye suruali, maisha yakaendelea.

Valary alizaliwa Kapsabet, akasoma fizikia Eldoret, kisha akamfuata Juba kaka yake Rufus, aliyekuwa keshia wa benki. Akapata kazi ya kufundisha sekondari moja ya Gudele. Alikuwa mfupi, ila kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Wanafunzi wake, wengine wenye ndevu kwa kuwa vita viliwachelewesha shule, walimpenda kwa sababu alifundisha habari za mwanga na mawimbi kama mtu anayepiga umbea.

Sasa kulikuwa na jambo limemkaa rohoni. Mhadhiri wake wa zamani alimwarifu kwamba chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini kilikuwa kinatafuta mtu wa kufanya utafiti wa kompyuta za kwanta, zinazohesabu kwa kanuni za chembe ndogo kabisa, kwa shahada ya pili, karo na posho juu yao. Nafasi ilikuwa moja tu. Valary akaomba, akatoa namba zake zote mbili, akajibiwa kwamba profesa angempigia Alhamisi alasiri.

Rufus alipoambiwa, aliweka kijiko chini.

"Hizo kompyuta ziko wapi?"

"Bado. Kuna vitu vidogo vya majaribio kwenye maabara, haviwezi kazi ya maana."

"Kwa hivyo dadangu unaacha mshahara uende kusomea kitu hakipo."

"Na hii nchi mliyoifungulia benki, ipo?"

Rufus alicheka mpaka akapaliwa. Kura ya maoni ya Kusini kujitenga na Sudan ilikuwa bado, lakini mji mzima ulishajaa watu wanaoijengea ofisi nchi ambayo haijazaliwa. Valary aliipenda Juba kwa hilo. Ndiyo maana kazi ile ilimvuta. Katika fani nyingine angekuta wenzake wamemtangulia mbali, lakini katika hii mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisubiri watu: wa hesabu, wa fizikia, wa kuandika programu, hata wa kutengeneza friji zenye baridi isiyosemeka. Aliitaka nafasi ile kwa moyo wote.

Alhamisi ilipofika, simu ya namba za Uganda ilikuwa imezima. Akaipeleka kuchajiwa kwa Namukasa, mama wa Masaka aliyekuwa na kibanda na jenereta pembeni ya ua wa shule. Hakuwa na wasiwasi. Namba ya Sudan ndiyo aliyoitanguliza, profesa angeanza na hiyo. Akakaa ofisi ya walimu, simu mbele yake, akiitazama kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Profesa akapiga ya Uganda.

Namukasa naye alikuwa na desturi yake: simu ya mteja ikilia, anaipokea. Aliona ni sehemu ya huduma. Mama mmoja wa sauti ya upole akamuuliza kwa Kiingereza kama Valary yupo. Namukasa akajibu vile ambavyo Juba nzima ingemwelewa, kwamba mwalimu ni mzima, hajasafiri, ila tu hayuko karibu na simu. Kiingereza chake alikuwa amekijenga juu ya Kiswahili chake, kwa hiyo, ukikitafsiri, kilitoka hivi:

"Iko, lakini hakuna."

Mama yule akaangua kicheko upande wa pili. Namukasa, bila kujua kinachochekesha, akacheka pia. Kisha akapiga kelele kupitia ua wa mianzi.

"Mwalimu! Mwalimu we! Afrika Kusini iko kwa simu! Kuja mbio!"

Valary alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Waya wa chaji ulikuwa mfupi, ikabidi achuchumae katikati ya simu za watu, na jenereta inanguruma asisikie neno. Namukasa akaizima. Wateja wakalalamika.

"Malesh, malesh! Kalas!" akawakaripia kwa Kiarabu cha Juba: samahani, basi yaishe. "Nyinyi yote nyamaza. Mwalimu iko kwa mtihani!"

Wakanyamaza kweli.

"Mwenzako ameniambia upo na haupo," profesa alisema. "Basi tuanzie hapo. Je, hiyo ndiyo hali ya biti ya kwanta, sifuri na moja kwa pamoja?"

Yote aliyokariri Valary yakamtoka kichwani. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, tena kungependeza. Akavuta pumzi.

"Hapana. Mimi nilikuwa ofisini muda wote, Namukasa ajue au asijue. Biti ya kwanta haijifichi mahali. Hali zake mbili zote ziko kazini, na hukutana kama mawimbi: pengine huongezana nguvu, pengine huuana. Ufundi ni kupanga njia za majibu mabaya ziuane zenyewe. Mimi na Namukasa hatuwezi kufanya hivyo. Mfano ni mtamu, lakini unaishia hapo."

"Vizuri. Na kwa nini utake kazi ambayo mashine yake haijawa mashine?"

"Kwa sababu ninaishi Juba, na hapa —"

Simu ikazima. Ilikuwa haijapata chaji ya kutosha.

Namukasa alishika kichwa, akawasha jenereta huku akijilaumu kwa Kiganda. Walisubiri hadi magharibi. Hakuna simu iliyolia, hata ile ya Sudan. Valary alienda nyumbani na kiatu mkononi, na usiku ule kicheko chake hakikusikika barabarani. Wiki nzima Namukasa hakumwangalia usoni.

Kisha, akiwa darasani, Valary aliona wanafunzi wote wamegeuka dirishani. Namukasa, ambaye hakuwahi kukiacha kibanda chake hata kwa mvua, alikuwa amesimama pale akihema, simu ya Valary iliyokuwa kwake kwenye chaji ameiinua juu kwa mikono miwili.

"Iko yeye! Profesa! Mimi nilimwambia ngoja!"

Valary akaiweka sikioni.

"Tumeshaamua," sauti ilisema, "lakini kwanza malizia sentensi yako."

"Kwa sababu ninaishi Juba, na hapa kila mtu anafanya kazi ya kitu ambacho bado hakijawa."

"Basi njoo Januari."

Valary alitaka kusema asante, machozi yakamtangulia. Namukasa akaingiza kichwa dirishani.

"Nafasi iko ama hakuna?"

"Iko," Valary alisema. "Namukasa, iko!"

Wenye ndevu walipanda juu ya madawati. Namukasa akapiga vigelegele, akalia, akajifuta kwa leso, kisha akanyoosha mkono ndani ya dirisha.

"Haya, lete simu. Bado haijajaa."