Kalondu Wawili Katika Bima Moja

Maundu alikata mawe timboni Lukenya miaka na miaka, na kwao Masii hakuna aliyewahi kumsikia akimdai mtu. Ndiyo maana mkewe Nduku alishtuka, mwaka huo wa 2002, kumwona amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwa anaenda Machakos mjini kuidai kampuni ya bima.

Kisa chenyewe kinaudhi. Maundu alikuwa ameandikisha watu wake bima ya mazishi, pesa inakatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Miongoni mwao walikuwa Kalondu wawili: mama yake mzazi, na bintiye aliyepewa jina la nyanya yake, kama desturi yetu ilivyo. Mwenyewe hakumwita binti Kalondu. Alimwita mwaitu, yaani mama yetu, na mtoto akaitikia hivyo tangu akibebwa mgongoni.

Mama alipofariki, muda wa kungojea kabla bima ianze kulipa ulikuwa haujaisha, kwa hivyo kampuni haikutoa hata pesa ya jeneza. Haya, Maundu akameza uchungu, akaomba tu mama aondolewe kwenye bima. Wakamwondoa Kalondu kweli, lakini wakamwondoa mtoto! Marehemu akaendelea kukatiwa pesa miaka minne, tena kwa kiwango cha wazee, na huku amelala udongoni Masii. Maundu angejuaje? Timboni ulipewa bahasha, ukashukuru. Aligundua alipoomba mkopo wa karo na mlipaji mishahara wa timboni akamsomea makato yake.

Karo, hapo ndipo palipouma. Mwaitu alikuwa ameitwa shule ya bweni, na nafasi yake ilikuwa inangoja mpaka Ijumaa. Bima wakirudisha pesa, ataingia. Wasiporudisha, basi.

Karani wa bima alikuwa msichana mpole. Alipekua faili, akakuna kichwa.

"Mzee, kwa vitabu vyetu mama yako yuko hai. Hatuwezi kukurudishia pesa ya mtu yuko hai."

"Madam, nilimzika mimi mwenyewe. Niko na cheti cha kifo hapa."

"Nakiona. Lakini Kalondu aliyekufa kwa vitabu ni huyu mtoto. Kubadilisha hiyo ni mpaka Nairobi, na Nairobi huwa hawajibu." Akapunguza sauti. "Wacha nikusaidie. Mazishi ya huyu mtoto hayajawahi kulipwa, na kwa watoto hakuna muda wa kungojea. Weka sahihi hapa kwamba alifariki, utoke na cheki leo. Karo itatosha na ibaki. Ni karatasi tu, mzee."

Alitaka kumsaidia kweli, msimlaumu. Maundu akashika kalamu. Akasoma neno marehemu, na mbele yake jina la Kalondu. Mkono ukakataa. Si kwamba aliionea huruma kampuni. Hao wangestahili kudanganywa mara kumi. Lakini baba amwandike mtoto wake kuwa amekufa, kwa mkono wake mwenyewe? Akairudisha kalamu, akasema asante, akatoka.

Nyumbani, Nduku aliposikia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Karatasi tu! Karatasi imewahi kuua nani?"

Ijumaa ikapita. Aliandikia Nairobi, akaandika tena, na hakuna aliyejibu. Kila mwisho wa mwezi marehemu mama yake aliendelea kukatiwa.

Kalondu akapelekwa kwa shangazi yake mwenye duka sokoni Masii. Siku moja ya soko babake alimkuta anapepeta ndengu, vumbi limemjaa nyusi.

"Mwaitu, najua una uchungu na mimi. Nilishindwa kuandika umekufa. Nilishindwa kabisa."

Binti akaendelea kupepeta.

"Si ungesaini tu, baba. Ningekuwa nimekufa huko kwa karatasi yao, lakini ningekuwa shule."

Mteja mmoja akataka kilo mbili. Kalondu akampimia, akapokea pesa, akarudia ungo wake.

"Mwaitu," Maundu akaita tena.

Safari hii hakuitika.