Shafti Iliyolala Kando ya Nyungu

Ilianza Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, likizo ya Aprili nilipokuwa na miaka kumi, na ilianza na harufu: oili ikiungua juu ya chuma, ikichanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwa jirani. Mpaka leo, hapa shuleni, nikiinusa mahali popote nageuka kumtafuta Baba. Chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba yetu, Kendu Bay, alikuwa amewasha mashine ya kukereza vyuma aliyoiunda kwa mikono yake, na kwa mara ya kwanza alikuwa akifanya kazi ya mteja, si majaribio.

Mashine yenyewe, kusema kweli, haikuwa na sura. Mota ilitoka Migori, kwenye kinu kilichokufa cha kusagia mawe ya dhahabu. Kitanda cha mashine, fremu inayobeba vyote, kilikuwa vipande vya chesisi ya lori, na skrubu ya kusogezea kisu ilitoka kwenye jeki kuukuu. Skrubu hiyo ilikuwa imelegea. Ungezungusha mkono wake nusu mzunguko kisu kisitikisike, halafu kikaruka ghafla. Kwa hiyo Baba hakuziamini alama zilizochongwa kwenye mkono huo. Aliamini venia tu, kile kipimo cha chuma chenye taya na mistari myembamba kama unywele. Shida ni kwamba macho yake hayakuona tena vitu vya karibu, basi msomaji nikawa mimi. Na mimi nilikuwa mtoto wa haya, wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Nilimnong'onezea namba sikioni, naye akaitikia kwa kichwa. Tukaelewana hivyo.

Karakana ya Nairobi alikofanya kazi ilikuwa imefungwa. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Mama kwamba ataipa mashine msimu huu mmoja wa mvua; wateja wasipokuja, atarudi mjini kutafuta kibarua. Mkoba wake wa safari ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari, haujatolewa vitu vyote. Miaka yote ile nilikuwa nimezoea Baba wa kuja Krismasi tu, yule ambaye hata mbwa wetu alimbwekea kwanza. Sikutaka kurudishiwa huyo.

Mteja alikuwa Mama Adongo, mwenye kinu cha posho pale sokoni. Shafti ya kinu chake, ule mhimili unaozunguka, ilikuwa imelika, na Baba alikuwa anamkerezea mpya. Alikuja na beringi, pete ya chuma inayovikwa kwenye shafti, ndani ya kikapu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba Awino," akasema, "nimekuja kukujaribu. Beringi ikikaa vizuri, nitakusema kwa wenye vinu wote mpaka Homa Bay. Ikicheza, nitakusema pia."

Kufika adhuhuri kazi ilikuwa karibu kwisha. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua, na shafti ilikuwa ya moto hata nikaishika kwa kitambaa. Nilipima tundu la beringi, nikapima shafti, nikamnong'oneza Baba kwamba shafti imezidi kwa mistari mitatu ya venia.

"Mbona nyathi wako huyu ananong'ona kama ameiba?" Mama Adongo akauliza. "Sema tusikie sote, yawa!"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Imebaki mistari mitatu," Baba akasema, akazima mashine. "Tutamaliza kesho."

"Kesho! Na akina mama waliopanga magunia kwangu niwaambie nini? Fundi amekwenda kulala?"

"Waambie chuma ndicho kimekwenda kulala. Sasa kimevimba kwa joto. Nikiondoa yote mitatu, kikipoa kitakuwa chembamba, na chuma kikishakatwa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki."

"Si ukimwagie maji kipoe!"

"Kitapoa nje, ndani bado. Mwenda pole hajikwai, Mama Adongo."

"Na asiyekwenda kabisa je?" Akasimama, akakung'uta sketi. "Nakuja alfajiri. Nikikuta bado mnabembeleza chuma, nachukua vitu vyangu naenda Kisumu."

Jioni Baba akaibeba shafti, beringi na venia mpaka nyumbani kwa Dani, bibi yangu, akavilaza juu ya gunia kando ya nyungu ya maji, mahali pa baridi kuliko pote bomani, ili vyote vitatu viamke na ubaridi mmoja. Dani akacheka. "Siku hizi chuma nacho kina kiu?" Baba hakucheka. Nilimwona akiutazama ule mkoba alipopita kwenda kunawa.

Sasa niko kidato cha tatu. Katika maabara yetu ya fizikia kuna venia ya betri inayoonyesha namba kwenye kioo. Tunaikamata, tunasoma, tunampa mwingine. Hakuna anayeuliza kama chuma ni cha moto. Sisemi ni mbaya. Naipenda, maana haidai sauti ya mtu. Baba hakurudi Nairobi. Ana miwani, ana mashine ya kununua yenye skrubu isiyolegea, na ile ya zamani kuku wanatagia juu ya kitanda chake. Nikienda likizo huniita aniambie vipimo vyake, na siku hizi mimi ndiye ninayeitikia kwa kichwa. Ni vizuri. Lakini sikio lake lilikuwa karibu sana na mdomo wangu wakati ule, na sijawa karibu hivyo na mtu mwingine.

Lakini asubuhi ile ya pili, Jumatano, niliwatangulia wote kwa Dani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikapiga magoti kando ya nyungu, sakafu ikiwa baridi, nikapima tundu la beringi, nikafunga taya za venia juu ya shafti. Baba akafika nyuma yangu, na Mama Adongo naye akasimama mlangoni, kikapu mkononi. Nikasoma mara moja, nikasoma tena. Baba akainama kunipa sikio kama kawaida. Sikulifuata.

"Miwili," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hata Dani akaacha kufagia. "Jana kwa joto ilikuwa mitatu. Imebaki mistari miwili tu."