Udongo Tuliotoa kwenye Pisini

Nyumba yetu ya Kindu ilijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya mkubwa mmoja wa reli, naye akajichimbia nyuma ya nyumba bwawa dogo la kuogelea, hatua kumi na moja kwa sita. Sisi tuliliita pisini. Baba alipopewa nyumba hiyo, yeye fundi wa treni, bwawa lilikuwa limekauka zamani na karo zake, vile vigae vya buluu, zilikuwa zimeanza kubanduka. Mama alianikia mpunga humo. Uwanja uliobaki ulikuwa changarawe tupu, jembe likiugusa linaruka.

Vita ilitukuta tumegawanyika. Baba alikuwa Kalemie kwa kazi, na kaka yangu mkubwa alikuwa amemfuata kusoma huko. Njia ikafungwa, wakabaki. Nyumbani tulikuwa watu watatu: mama, mimi mwenye miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na minne.

Wenye bunduki waliuzunguka mji, na wenye bunduki wengine walikuwa ndani yake. Treni ilikoma, na mchele wa Kibombo ukakoma pamoja nayo. Shamba la mama lilikuwa ng'ambo ya mto, kupita Alunguli, lakini wanawake waliovuka kwenda kutafuta mihogo hawakurudi wote. Siku moja mama alishuka ndani ya bwawa na nondo ya baba, akaanza kutoboa sakafu.

"Mama, unavunja nini?" nilimuuliza.

"Maji ya mvua yapate pa kutokea. Tutalima humu."

Tulibeba udongo mweusi kutoka bondeni, beseni kwa beseni, majuma mengi. Mdogo wangu alibeba wake katika sufuria isiyo na mkono. Hatukulijaza mpaka juu. Mama alitaka kuta ziyafiche mazao yasionekane na wapita njia. Tulipanda mchicha tunaouita lengalenga, matembele, biringanya, na mistari minne ya mahindi. Lengalenga ilitoka kwanza. Jioni tuliyoila, mdogo wangu alilamba sahani, mama akamwacha.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, alikuja komanda na askari watatu. Alikuwa anatafuta nyumba za kuwekea watu wake. Akapita mpaka nyuma, akasimama ukingoni.

"Hii njo pisini? Ndiyo yenyewe?"

"Ilikuwa pisini, baba," mama akajibu. "Sasa njo shamba yetu."

Komanda akacheka, bila ubaya, kama mtu aliyeletewa habari njema. "Mimi nilisikia Kindu iko pisini, nikasema ni uongo. Mama, toeni huu udongo wote. Nataka kuoga humu."

"Tunaomba juma mbili tu. Mahindi ikomae."

"Kesho kutwa nataka nione chini."

Mama alipiga magoti. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti. Komanda alimwambia ainuke, atajichafua, kisha akaondoka.

Tulitoa udongo ule siku mbili, na askari mmoja ameketi ukutani akitutazama. Mama aling'oa mahindi kwanza, akayalaza pembeni kwa mpangilio kama vile yangepandwa tena. Mdogo wangu alirudisha lengalenga ndani mara mbili, alidhani tumekosea. Udongo tuliutupa mteremkoni. Fundi aliletwa kuziba matundu kwa simenti, na watu waliokamatwa njiani wakateka maji mtoni kwa bidoni za plastiki hadi bwawa likajaa.

Komanda alioga mara tatu. Kisha akahamishwa kwenda upande wa mji wa Kama, tukasikia, na hatukumwona tena.

Tulikimbilia mteremkoni, lakini mvua ilikuwa imeubeba udongo wote. Bwawani maji yalibaki, yakageuka kijani, yakajaa vyura na mbu. Tulianza kuyateka na kuyamwaga. Hatukuwa tumefika nusu mdogo wangu alipopata homa. Kituo cha afya kilikuwa na muuguzi mmoja na hakikuwa na dawa. Alilala siku nne. Siku ya tano alikufa, mchana, mama amemshika miguu.

Sitasema bwawa lilimuua. Homa ilikuwa katika kila nyumba. Baada ya maziko mama alirudi kuyateka yale maji mpaka yakaisha.

Vita iliisha, baba alirudi mgonjwa, akafariki. Kaka yangu alikwenda Kinshasa na mambo yakamnyookea. Mimi ni mwalimu, naishi na mama katika nyumba ileile. Mwaka jana kaka alianza kunitumia picha kwenye simu: bwawa la hoteli fulani, majani mafupi pembeni, mawe meupe, maua mekundu.

"Mudogo, tutatengeneza kule nyuma. Nataka mama apumzike pazuri. Ameteseka sana," alisema aliponipigia.

"Yaya, kaka yangu, pisini ile..." nilianza.

"Usiogope. Nitaleta mafundi. Wewe utawaangalia tu."

Alisema kwa upendo mkubwa kiasi kwamba nilikosa pa kushika. Yeye anajua mdogo wetu alikufa kwa homa. Habari ya udongo hakuna aliyempa.

Mafundi walibandika karo mpya. Mtunza bustani, mzee mpole kutoka Alunguli, alihangaika na ile changarawe. "Mwalimu, hapa hakuna udongo," aliniambia. "Lazima tubebe kutoka bondeni." Nilikwenda jikoni, nikasimama huko hadi nilipoweza kurudi.

Nilimuuliza mama: "Unataka waache?"

"Nani atawaambia waache? Wewe?"

Nilirudi nyuma ya nyumba kuwaangalia mafundi.

Kaka alikuja na watoto wake. Majani yalikuwa yameshika, maua yamefunguka, maji yanang'aa. Waliruka ndani wakipiga kelele. Kaka alimwita mama, naye akaja taratibu, akatazama.

"Njo muzuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Akarudi ndani. Kaka alitoka majini, akajifuta uso. "Mama hajafurahi?"

Alikuwa ananitazama, anangoja. Watoto walikuwa wanacheka nyuma yake.

"Amechoka," nikasema.

Waliondoka baada ya juma moja. Sasa kila Jumamosi mimi ndiye ninayeingia bwawani kuchota majani yaliyoangukia majini na kutia dawa. Mama amehamishia kiti chake mbele ya nyumba, upande wa barabara. Aliniuliza habari za bwawa mara moja tu.

"Hayo maji yanakufika wapi?"

"Kifuani, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua majani ya sombe.