Jina Alilolikataa Baba

Chumbani tulikuwa sita: mama yangu Mbithe, aliyekuwa amejifungua, kichanga chenyewe, nyanya Kalondu aliyemzaa baba, jirani Ndinda aliyemzalisha mama, baba yangu Nzioka aliyepigana Burma, na mimi. Palinukia uji wa wimbi na moshi.

Mama alitaka mtoto abatizwe Lili, jina la mwalimu aliyemfundisha kusoma.

“Huyo hapana,” baba akasema. “Lili alituangushia mabomu.”

“Basi Sali.”

“Sali pia.”

“Heleni je?”

“Huyo naye.”

Nyanya akatua kibuyu. “Nzioka, huko Burma ulikuwa na wanawake wangapi?”

Baba akaeleza kwa sauti ya chini kwamba namba za ndege za Wajapani zilikuwa ngumu, basi Wazungu wakazibandika majina: za kuangusha mabomu majina ya kike, za kupigana angani ya kiume. Mimi nilielewa kwamba mtoto akiitwa Lili ataruka, nikamfunga mguu kitandani kwa leso. Mama akageukia ukuta. Mtoto akaitwa Mwende tu, bila jina la ubatizo.

Juzi, hapa Mount Dennis, ughaibuni, mjukuu wangu Ndanu aliunganisha kwa gundi ndege ya plastiki, Lili yenyewe, akanisomea boksi lake. Wajapani wenyewe waliiita Tisini na Tisa, kwa tarakimu za mwisho za mwaka wa kalenda yao. Hilo la Lili halikuwa lao.

Mdogo wangu Mwende tulishamzika. Kama nimekosea jina la ndege au la mtu, nisahihisheni nyinyi. Yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha.