Barakoa Niliyombadilishia Dada Yangu

Jina langu liacheni, hata herufi ya kwanza msiitie. Nina miaka hamsini na miwili, ni mama wa watoto watano, mwalimu, naishi hapa Kindu, komini ya Kasuku. Nimesoma visa vingi kwenye ukurasa huu, watu wanalia, wengine wanatukana. Mimi silii. Niko kama mkono uliokufa ganzi: unaona ni wako, lakini ukiubana hausikii.

Wakati wa Zaire, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, tulikaa nyumba moja na Zaina (nimembadilisha jina), mtoto wa mama yangu mdogo kutoka Lokandu. Tulilala kitanda kimoja, tukashonewa nguo za kitambaa kimoja. Baba yangu alikuwa karani wa reli. Mkubwa wake wa kazi, mtu wa Kasai, alikuwa na televisheni na kaseti za katuni za Kijapani zilizosema Kifaransa, na mchana watoto wa mtaa tulijaa mlangoni kwake. Tulimpenda msichana mmoja wa katuni hizo, macho makubwa kama sahani, nywele za bluu. Mke wa yule mkubwa akatupa gazeti la watoto lenye kiolezo cha barakoa yake. Unakichora kwenye karatasi ngumu, unakata, unakunja, unabandika, na uso unasimama.

Sasa karatasi ngumu Kindu ungeitoa wapi? Ilikuwepo moja tu: kalenda za Chama tawala, ambazo baba alipewa kazini kila mwaka. Za zamani hazikutupwa, nani angethubutu? Zilikaa nyuma ya kabati. Mimi na Zaina tukakubaliana: tunachukua kurasa za treni, za mto, za migodi. Ukurasa wenye uso wa Mkubwa wa nchi hauguswi.

Zaina alikuwa na mkono mzuri. Mimi niliharibu karatasi mpaka ukabaki ule ukurasa mmoja. Nikauchukua Zaina akiwa ameenda kuteka maji. Nilijiambia uso wa Mkubwa utakaa upande wa ndani, na ndani tulikuwa tunabandika kitambaa ili karatasi isikwaruze, nani ataona? Lakini kwenye kiolezo mistari ya nukta inakunjwa upande mmoja na mistari ya vipande upande mwingine, nami nikaichanganya. Nilipomaliza kubandika, picha ilikuwa nje. Nikaifunika kwa karatasi za daftari na gundi ya unga wa muhogo, nikapaka rangi juu. Ilifanana kabisa na ya Zaina.

Siku ya sherehe ya shule wakubwa wa Chama walikaa mstari wa mbele. Tukiwa darasani tunasubiri kuitwa, woga ukanishika. Zaina akatoka kidogo, nikazibadilisha barakoa zetu. Aliporudi akavaa, akasema, "Dada, mbona hii ya leo inanibana?"

Nikamjibu, "Fanya mbio, wanatuita."

Tukacheza zile nyimbo za kumsifu Mkubwa, mvua ikaanza. Mbele ya wakubwa mtu hakimbii mvua. Sisi wote rangi ilitutiririka shingoni. Kwa Zaina, karatasi zilivimba, zikadondoka moja moja. Likatokea shavu ambalo kila mtu Zaire alilijua, kisha tundu nililotoboa, juu kabisa ya jicho la Mkubwa. Ngoma zikanyamaza.

Mtu mmoja wa mstari wa mbele akamvua ile barakoa. "Sitwayene," akamwita kwa neno la Chama, yaani mwananchi, "ni nani njo alikata hii?"

"Ni yangu," Zaina akasema. "Lakini miye nilikata ya treni. Nilitazama! Iko na treni ndani!"

Treni ilikuwa usoni pangu, chini ya kitambaa. Nilisimama karibu naye, nikanyamaza. Alasiri ile ile mama alichoma barakoa zote. Ya treni niliitia motoni mwenyewe, ya kwanza.

Watu wa Chama walimchukua baba wakamfunga, maana kalenda ilikuwa yake. Akakaa huko wiki tatu. Alirudi bila kazi na bila meno mawili ya mbele. Hakumpiga Zaina. Alisema tu, "Huyu mutoto arudi kwao. Sitaki kumuona tena." Zaina akapanda mtumbwi wa Lokandu na kifurushi chake, na shule yake ikaishia hapo. Aliolewa mapema, akauza samaki. Mimi nikasoma. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka arobaini na bado naitembea.

Mwezi uliopita tulifanya arobaini ya baba. Zaina akaja, akapiga magoti mbele yangu, mashangazi wote wanatazama.

"Dada, baba amekufa na hasira juu yangu," akasema. "Miaka yote nilisema ilikuwa treni. Sasa nimezeeka, nimewaza sana. Labda sikutazama muzuri. Unisamehe weye, juu yeye hayuko."

Shangazi mkubwa akanigusa bega. "Umusamehe, mwanangu. Alikuwa mutoto."

Nikasema, "Nimekusamehe."

Watu wakalia, wakanisifu. Mimi nikaenda kugawa chakula.

Ijumaa hii Zaina anarudi na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, akae kwangu asome. Amenitumia ujumbe: "Ninakuletea weye, dada, juu weye njo unajua kusamehe." Nikisema kweli, najua atageuka na mjukuu wake, na msichana atakosa shule kama bibi yake alivyoikosa. Nikinyamaza, Zaina atakufa akiamini kwamba hakutazama vizuri. Alitazama. Ilikuwa treni.

Kitanda cha mtoto nimeshatandika. Wasomaji wenzangu, Ijumaa iko karibu. Mnielekeze: nianze vipi kumwomba msamaha mtu niliyekwisha kumsamehe?